Rota ya Antena: Jinsi ya Kuifuata Satelaiti Bila Kufilisika

Safari hii ni zamu ya wahandisi, nami nimeahidi kuandika kwa Kiswahili kile tunachoongea, ili hata wenzetu wa sheria na uchumi wasiruke ukurasa. Hesabu zitakuwepo, lakini za darasa la kawaida tu. Usiumize kichwa.

Tuanze na habari mnayoifahamu. Tarehe 7 Novemba 2022 roketi ya Antares ilipaa kutoka Wallops, kwenye pwani ya Virginia, mwendo wa saa 3 hivi kwa gari kutoka hapa Washington. Ndani yake ilikuwemo PearlAfricaSat-1, satelaiti ya kwanza ya Uganda, ambayo iliachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa, ISS, tarehe 2 Desemba mwaka huohuo. Kabla yake Chuo Kikuu cha Nairobi kiliachia 1KUNS-PF kutoka ISS tarehe 11 Mei 2018, na Rwanda ikafuata na RWASAT-1 Novemba 2019. Kisha tarehe 15 Aprili 2023 Taifa-1 ya Kenya ilirushwa kwa roketi ya Falcon 9 kutoka California.

Tulishangilia, na ilistahili. Ila kuna swali ambalo halikuulizwa sana kwenye sherehe: zikishafika huko juu, nani anazisikiliza? Satelaiti ndogo kama 1KUNS-PF ni kisanduku cha sentimita 10 kila upande. Satelaiti za ukubwa huo kwa kawaida hurusha mawimbi kwa nguvu ya wati 1 hivi, na hupita juu ya kichwa chako kwa dakika 10 tu kabla ya kuzama upande wa pili. Bila mtu chini mwenye antena iliyoelekezwa vizuri, satelaiti ni bati linalozunguka. Kurusha tunalipia wengine watufanyie. Kusikiliza tunaweza wenyewe, na kwa pesa ya mwanafunzi.

Kifaa kinachoigeuza antena ili iifuate satelaiti kinaitwa rota. Watu wengi wakiona bei ya rota ya dukani wanakata tamaa. Makala haya yanataka kuonyesha jambo moja: kuendesha rota vizuri si suala la usahihi wa kupindukia. Ni suala la kujua antena yako inavumilia kosa kiasi gani, na satelaiti inatumia muda wake wapi angani. Ukijua hayo mawili, bei inashuka yenyewe.

Redio za ridhaa, na kwa nini hapa

Redio za ridhaa ni kama michezo ya ridhaa: watu wanaofanya kwa kupenda, bila malipo, wakiwa na leseni na jina la mwito walilopewa na serikali. Ukisikia 5Z4 jua ni Kenya, 5H ni Tanzania, 5X ni Uganda, 9X ni Rwanda, 9U ni Burundi.

Eneo hili tunaloishi lina historia nzito katika mambo haya. AMSAT, shirika la satelaiti za redio za ridhaa, lilianzishwa Washington mwaka 1969. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuitafutia roketi Australis-OSCAR 5, satelaiti iliyotengenezwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, ikarushwa tarehe 23 Januari 1970. Naam, wanafunzi. Pale Greenbelt, Maryland, kituo cha NASA cha Goddard kina klabu yake ya redio, WA3NAN, ambayo enzi za Space Shuttle ilikuwa ikirudisha hewani mazungumzo ya wanaanga ili watu wa kawaida wayasikie. Na Annapolis, kwenye Chuo cha Jeshi la Majini, kuna somo la rota ambalo tutalifikia baadaye kidogo.

Kwa nini antena izungushwe?

Antena ya fimbo moja husikia pande zote, lakini husikia kidogo. Antena ya Yagi, ile yenye vijiti vingi kama mifupa ya samaki ambayo nyumbani tunaiona juu ya mabati kwa ajili ya televisheni, hukusanya mawimbi kutoka upande mmja na kuyapuuza mengine. Ni kama mtu anayeweka kiganja nyuma ya sikio: anasikia vizuri zaidi, ila lazima ageukie anayesema.

Satelaiti za obiti ya chini hazitulii. ISS iko kilomita 420 hivi juu yetu na inakwenda kasi ya kilomita 7.66 kwa sekunde. Kwa hiyo antena lazima igeuke, tena kwa pembe mbili. Ya kwanza ni azimuthi: kaskazini ni 0, mashariki 90, kusini 180, magharibi 270. Ya pili ni mwinuko: upeo wa macho ni 0, utosini ni 90. Rota kamili ina mota mbili, moja kwa kila pembe. Ile maarufu kwa miaka mingi, Yaesu G-5500, huzunguka digrii 450 za azimuthi na 180 za mwinuko, na duara moja la digrii 360 huichukua karibu dakika 1. Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Maswali matatu ya rota

Mfumo wowote wa kuendesha rota, uwe wa mamilioni au wa vipande vya jalalani, hujibu maswali matatu.

Swali la kwanza: satelaiti iko wapi sasa hivi? Huhitaji kuitafuta kwa macho. Kila satelaiti ina mistari miwili ya namba inayoeleza obiti yake, maarufu kama TLE, na tovuti ya CelesTrak inaigawa bure. Programu kama Gpredict huchukua namba hizo, ikazipitisha kwenye hesabu iitwayo SGP4, ikaongeza mahali ulipo na saa ya kompyuta yako, kisha ikakupa azimuthi na mwinuko wa kila sekunde.

Hapa pana mitego miwili. TLE huzeeka, kwa ISS, ambayo inavutwa na hewa nyembamba na kusukumwa tena na injini, pakua mpya kila baada ya siku chache. Mtego wa pili ni saa. Saa ya kompyuta ikikosea kwa dakika 1, satelaiti imeshasogea kilomita 460. Programu hizi hutumia saa ya kimataifa, UTC, na sisi Waswahili tuna kazi ya ziada: 18:00 UTC wakati wa baridi ni saa 7 mchana hapa Washington na saa 3 usiku Nairobi. Andika kabisa kwenye karatasi kabla hujamwambia ndugu yako wa Kampala atoke nje na redio.

Swali la pili: antena inatazama wapi? Ndani ya rota nyingi kuna potenshiomita, yaani kidude kama kile cha kuongezea sauti kwenye redio ya zamani. Antena ikigeuka, kinageuka nayo, na volti inayotoka inapanda au kushuka. Mikrokontrola kama Arduino inaisoma volti hiyo na kuibadilisha kuwa digrii. Rota za kujitengenezea mara nyingi hutumia steppa mota badala yake: mota inayokwenda hatua kwa hatua, ukihesabu hatua unajua ulipo. Ila steppa ikipoteza hatua kwa sababu ya upepo, haijui kwamba imepotea. Kwa hiyo weka swichi ndogo ya mwisho wa njia, ili kabla ya kila pito rota irudi mwanzo na kuanza kuhesabu upya.

Kuna kosa jingine la kawaida hapa, nalo ni kuamini dira. Washington na vitongoji vyake, sindano ya dira huelekea digrii 11 hivi magharibi ya kaskazini ya kweli. Ukifunga rota kwa kufuata sindano, antena yako itakuwa pembeni digrii 11 maisha yake yote. Kaskazini ya kweli iko digrii 11 kulia kwa sindano. Nairobi tofauti hiyo ni ndogo, haifiki digrii 2, ndiyo maana fundi aliyezoea nyumbani hana habari nayo.

Swali la tatu: tofauti kati ya majibu mawili ya kwanza tuifanyie nini? Hapa ndipo programu na rota zinapoongea. Lugha zao ni fupi sana. Kwa vifaa vya Yaesu unatuma W180 045, maana yake nenda azimuthi 180, mwinuko 45. Kwa lugha ya EasyComm, wanayoipenda wanaojitengenezea, unaandika AZ180.0 EL45.0. Katikati hukaa mkalimani aitwaye Hamlib, programu huria inayojua lahaja za rota nyingi: Gpredict inamwambia Hamlib kupitia mtandao, naye anaiambia rota kwa lugha yake. Kwa hiyo ukitengeneza rota yako, huna haja ya kuandika programu ya satelaiti. Ifundishe tu kuelewa lahaja moja inayojulikana, basi.

Programu hiyohiyo hushughulikia pia masafa. Satelaiti ikija, sauti yake hupanda, ikiondoka hushuka, kama king'ora cha gari la wagonjwa. Kwa ISS kwenye megahezi 145.8 mabadiliko ni kilohezi 3.5 hivi juu na chini. Kwenye megahezi 437 ni kama kilohezi 10.

Uvumilivu wa antena

Sasa tuingie kwenye kiini. Mhandisi mpya akiambiwa rota inatakiwa kuwa kwenye digrii 137.4, anataka iwe 137.4 kamili. Matokeo yake rota inatikisika mbele na nyuma kila sekunde, rilei zinalia tik tik tik, mota inapata moto, na gia zinalika. Kwa faida gani?

Yagi ndogo ya megahezi 145 husikia vizuri ndani ya mwale wenye upana wa digrii 45 hadi 50. Yagi ya kati ya megahezi 437 ina mwale wa digrii 30 hivi. Kwa mwale wa digrii 30, ukikosea kwa digrii 5 unapoteza theluthi moja tu ya desibeli. Sikio halitambui, na kompyuta nayo haitajali. Ukikosea digrii 10 unapoteza desibeli 1 na kidogo. Ni mpaka ukosee digrii 15 ndipo unapoteza nusu ya nguvu.

Kwa hiyo mwekee rota uvumilivu: kama tofauti ni chini ya digrii 4 au 5, tulia, usifanye kitu. Ikizidi hapo, geuka kidogo kuipita satelaiti, simama, iache ikukute. Mota inayogeuka mara chache kwa pito zima itaishi miaka. Mota inayohangaika kila sekunde itakufa msimu wa kwanza. Mstari huo mmoja wa programu unaokoa fedha kuliko gia ya bei mbaya.

Ukuta wa kaskazini na tatizo la utosini

Kuna mahali pawili ambapo hata rota nzuri hushindwa, na pote panahitaji akili kuliko nguvu.

Pa kwanza ni ukuta. Rota haiwezi kuzunguka bila mwisho kwa sababu nyaya zitajisokota, hivyo ina mahali pa kugota. Tuseme imegota kaskazini. Satelaiti ikipita kutoka kaskazini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, azimuthi inatoka 359 kwenda 1. Kwa satelaiti ni hatua ndogo tu, lakini rota italazimika kurudi duara zima kupitia kusini, karibu dakika 1 kati ya dakika 10 ulizonazo, na mara nyingi ni dakika ile tamu satelaiti ikiwa karibu kuliko wakati wote. Hapa Washington tatizo ni la kila siku kwa ISS, kwa sababu njia yake hufika hadi latitudo 51.6 kaskazini, wakati sisi tuko karibu 39. Mapito mengi yanakatiza kaskazini kwetu. Kwa hiyo kama unaweza kuchagua, weka ukuta kusini.

Dawa nyingine ni kupindua. Kama mwinuko wa rota unafika digrii 180, antena inaweza kulala chali na kutazama nyuma: azimuthi 10 na mwinuko 30 ni mahali palepale na azimuthi 190 na mwinuko 150. Programu nzuri hulitazama pito zima kabla halijaanza, ikaona kama litagonga ukuta, na kuamua mapema kama itapindua. Muhimu ni hilo neno mapema. Rota isiyopanga ni kama dereva wa daladala anayekumbuka kituo akiwa ameshakipita.

Pa pili ni utosini. Mtu angedhani pito la juu kabisa ndilo rahisi. Kwa ishara ni kweli, kwa rota ni balaa. Satelaiti ikipita juu kabisa, azimuthi inaruka kutoka upande mmja kwenda wa pili ndani ya sekunde chache. Hesabu ya ISS ni hii: pito likifika mwinuko wa digrii 45, azimuthi hubadilika kwa digrii 1 kwa sekunde. Likifika 80, inakuwa karibu digrii 6 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya G-5500 ikikimbia kwa nguvu zake zote. Likifika 85, ni zaidi ya digrii 11 kwa sekunde, na rota imeachwa. Dawa ni kupindua tena: igeuze mwinuko kutoka 0 hadi 180 kama mlango wa jiko, azimuthi ikae ilipo. Au usifanye lolote, kwa sababu ambayo sasa tunaifikia.

Somo la Annapolis: digrii 15

Bob Bruninga, jina lake la mwito WB4APR, alikuwa mhandisi na mwalimu Chuo cha Jeshi la Majini, Annapolis; alifariki mwaka 2022. Ndiye aliyebuni APRS, mfumo wa kutuma ujumbe mfupi na mahali ulipo kwa redio, ambao hata ISS imeutumia kwenye megahezi 145.825. Wanafunzi wake walitengeneza PCSAT, iliyorushwa tarehe 30 Septemba 2001, na antena zake zilikatwa kutoka kwenye futi ya chuma ya fundi seremala. Alikuwa mtu wa kupenda vitu rahisi, na kwa miaka alikuwa akihubiri kwamba kwa satelaiti za obiti ya chini mota ya mwinuko haihitajiki. Funga Yagi yako ikiinama juu digrii 15, iache hapohapo, na uzungushe azimuthi tu kwa rota ya bei nafuu ya antena ya televisheni.

Inasikika kama uvivu. Tuipime kwa hesabu.

ISS ikiwa kwenye upeo wa macho, iko umbali wa kilomita 2,350 hivi. Ikifika mwinuko wa digrii 30, umbali ni kama kilomita 770. Ikiwa utosini ni 420 tu. Nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo kwenye digrii 30 ishara ina nguvu mara 9 kuliko kwenye upeo, na utosini mara 30 hivi. Yaani pale antena iliyoinama digrii 15 inapoanza kuikosa satelaiti, satelaiti yenyewe imeshasogea karibu na inapiga kelele. Viwili hivyo vinakaribia kufidiana.

Halafu tazama muda. Ukichukua eneo lote ambalo satelaiti ya kimo hicho inaonekana kutoka ulipo, sehemu ambayo mwinuko unazidi digrii 30 ni asilimia 8 tu. Kwa maneno mengine, zaidi ya asilimia 90 ya muda wote ambao satelaiti inaonekana, iko chini ya digrii 30, na huko ndiko iko mbali na inahitaji msaada wa antena. Rota ya mwinuko ya mamia ya dola inafanya kazi ya maana kwa dakika chache sana ambazo ishara tayari ni kubwa. Na digrii chache za mwanzo, kule chini kabisa, hapa Maryland na Virginia zimezibwa na miti na maghorofa, hivyo kuinamisha antena juu hakukupotezei chochote.

Hii haina maana kwamba rota za pembe mbili ni bure. Ukitaka antena ndefu yenye mwale mwembamba, au sahani ya masafa ya juu, digrii 15 hazitoshi na hesabu inabadilika. Lakini kwa mtu anayetaka kusikia satelaiti ndogo za kwetu kwenye UHF, jibu ni la kifundi na la bei nafuu.

Mwanafunzi aanzie wapi?

Anza na rota uliyozaliwa nayo: mkono. Yagi ndogo ya futi ya chuma na bomba la plastiki, kidude cha USB cha RTL-SDR cha dola 30 au 40 kwenye kompyuta, na Gpredict mbele yako. Simama uwanjani, ifuate namba, na ukizungusha kifundo cha mkono utasikia ishara inavyopanda na kushuka. Mapito matano ya namna hiyo yatakufundisha uvumilivu wa antena kuliko kitabu.

Hatua ya pili ni rota ya televisheni na digrii 15. Wengi wetu tunapanga, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya mlingoti. Stendi ya miguu mitatu kwenye bustani ya jumuiya hutosha, ukifunga na kufungua. Acha kitanzi cha waya kilicholegea karibu na rota ili isikate waya ikigeuka, na sawazisha uzito wa antena pande zote mbili, maana mota inatakiwa kugeuza, si kubeba.

Hatua ya tatu, kama umenogewa, ni rota ya pembe mbili ya kujitengenezea. Mradi wa SatNOGS, ulioanzia Athens, Ugiriki, na kushinda tuzo ya Hackaday mwaka 2014, umeweka michoro yote wazi: vipande vya printa ya 3D, steppa mota na gia. Ukiunganisha kituo chako na mtandao wao, mtu yeyote duniani anaweza kuomba kituo chako kisikilize satelaiti yake, nawe ukaomba vya wengine.

Kuhusu sheria: hapa Marekani kusikiliza hizi satelaiti hakuhitaji leseni. Kurusha kunahitaji. Leseni ya kwanza ni mtihani wa maswali 35, upate 26, na ada ya FCC ni dola 35. Si lazima uwe raia. Unahitaji anwani ya posta ya hapa. Ila mwakilishi wa serikali ya kigeni haruhusiwi, kwa hiyo wenzetu wanaofanya kazi ubalozini wasome kanuni kwanza. Na ukirudi nyumbani, leseni hii haikuruhusu kurusha moja kwa moja; pita kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako.

Na nyumbani je?

Wapo watakaosema mambo haya ni ya Wamarekani. Historia inakataa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Uhuru. Meneja wa mradi alikuwa Marjorie Townsend wa Goddard, hapohapo Greenbelt, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uhandisi George Washington University, mwaka 1951. Walikwenda Malindi kwa sababu iko karibu na ikweta. Na Swift, darubini ya anga ya NASA iliyorushwa mwaka 2004, ilipangiwa Malindi kuwa kituo chake kikuu cha kupokelea data. Antena zinazofuata satelaiti si ngeni kwenye pwani yetu. Kilichokuwa kigeni ni wenyewe kuzimiliki.

Tena nyumbani tuna bahati ambayo Washington haina. Tangu Novemba 2018 kuna QO-100, mtambo wa kwanza wa redio za ridhaa kwenye obiti ya kutulia, uliopanda na satelaiti ya Qatar, Es'hail-2, kwenye longitudo 25.9 mashariki. Kutoka hapa iko chini ya upeo, hatuioni kabisa. Kutoka Dar es Salaam iko kwenye mwinuko wa digrii 72, Nairobi 77, Kampala 82. Haisogei, kwa hiyo haihitaji rota: sahani ya televisheni iliyokwishatumika, ukiielekeza mara moja, umemaliza.

Kwa satelaiti zinazotembea, picha ninayoiona ni hii: shule ya sekondari yenye maabara ya fizikia, Yagi moja juu ya paa imeinama digrii 15, rota ya televisheni, na kompyuta kuukuu. Satelaiti ya nchi yao ikipita, wanafunzi waisikie wenyewe, bila kusubiri taarifa kutoka nje. Gharama yote haifiki bei ya tiketi ya ndege ya mmoja wetu kwenda likizo. Kinachokosekana ni mtu anayejua kwamba digrii 137.4 na digrii 140 ni kitu kimoja, na sasa mko wengi mnaojua.

Mwenye swali anikamate kwenye mkutano wa chama mwisho wa mwezi. Nitakuja na Yagi ya futi, na kama mbingu ziko wazi upande wa kaskazini tutatoka nje tuifuate ISS kwa mkono. Tuonane.